Kura Kabla ya Siku ya Kura

Mara ya mwisho ulipokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ulifuata nini? Muhuri, nadhani. Barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, au ya kumdhamini mdogo wako. Hata mimi. Nimekulia Tunduma, mpakani, ambako mtoto wa shule ya msingi anaweza kukwambia kwacha leo inabadilishwa kwa shilingi ngapi. Muulize mtu mzima wajumbe wa serikali yake ya mtaa ni akina nani, uone.

Lawama huwa tayari: vijana hawapigi kura. Elimu ya mpiga kura nayo husema jiandikishe, jitokeze, chagua. Lakini mtu alaumiwe kiasi gani kwa uamuzi uliofanyika kabla hajafika?

Tanzania hakuna mgombea binafsi. Mwaka 2010, katika shauri la Mchungaji Mtikila, Mahakama ya Rufani ilisema hilo ni la Bunge kuamua. Kwa hiyo jina la mwenyekiti wako wa mtaa huanzia kwenye chama, mbele ya wanachama wachache waliohudhuria. Zinafuata fomu, uteuzi na pingamizi. Siku ya kura huja mwisho. Na ukifika na kadi ya Daftari la Kudumu peke yake, utaambiwa uchaguzi wa mtaa una orodha yake.

Mama yangu ana biashara sokoni na hataki kadi ya chama chochote. "Mteja hana chama," husema. Siwezi kumwita mwoga. Kadi ikimpotezea wateja, mimi sitamlipia kodi ya kibanda.

Kisha kuna Novemba 2019. CHADEMA, chama kilichokuwa na mbunge wa Tunduma wakati huo, kilijitoa pamoja na vyama vingine vya upinzani kwa madai kwamba wagombea wao walienguliwa. CCM ilipata zaidi ya asilimia 99 ya viti, vingi bila kupingwa. Aliyejiandikisha, akakosa hata karatasi ya kupigia kura, tutamwambia hakujitokeza? Novemba 2024 upinzani ulirudi, na malalamiko ya kuenguliwa yakarudi nao.

Naamini lawama iende na uwezo. Aliyekata jina ana deni kubwa kuliko aliyebaki dukani. Ila kipimo hicho kinatugeukia na sisi tuliosoma. Miongoni mwa sababu zilizotolewa za kuwaengua watu mwaka 2019 ni makosa ya kujaza fomu. Fomu! Sisi tumejaza za mkopo wa chuo, za ajira, za kila kitu. Tungeweza kukaa jioni moja na mgombea wa mtaani kwetu, wa chama chochote, tukasoma naye kanuni na kuhakiki kila kisanduku. Kazi hiyo haihitaji kadi, wala haimpotezei mama mteja.

Utaniambia hata fomu safi inaweza kukataliwa. Ni kweli. Lakini fomu yenye kosa humpa mkataji sababu. Ikikataliwa ikiwa safi, mtaa mzima utajua kosa ni la nani, na hakuna atakayeweza kutwambia tena kwamba tatizo ni wananchi wasiojua haki zao.