Heshima ya Mwalimu na Haki ya Ardhi

Mwalimu mwema akifa, wanafunzi wake hukusanyika kumsifu. Hutajwa elimu yake, subira yake na fadhila alizowatendea. Makosa yake huzikwa pamoja naye. Desturi hii ina utu ndani yake, wala haifai kudharauliwa. Lakini huzua swali ambalo aghalabu hukosa jibu: je, kumheshimu mwalimu ni kulificha kosa lake? Swali hili huzidi uzito mwalimu anapokuwa mlezi wa ardhi. Kosa la mshairi huweza kukaa katika kitabu chake bila ya kumdhuru mtu. Kosa la mshauri wa misitu, maji na wanyama hushuka katika udongo, na hulipwa na watu ambao hawakulitenda.

Maisha ya Aldo Leopold wa Marekani yaweza kuwa mizani ya swali hili. Alizaliwa mwaka 1887, akasomea misitu katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1909 akapelekwa Arizona kuwa bwana misitu wa serikali. Mwaka 1924, kwa juhudi yake, eneo kubwa la milima ya Gila huko New Mexico lilitengwa libaki pori lisilopitiwa na barabara. Mwaka 1933 alitoa kitabu juu ya utunzaji wa wanyama wa pori, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Wisconsin kikampa uprofesa wa elimu hiyo. Fundisho lake kuu lilikuwa kwamba udongo, maji, mimea na wanyama ni jumuiya moja, na mwanadamu ni mwenzi katika jumuiya hiyo, si bwana wake.

Alichofundisha alikitenda. Mwaka 1935 alinunua shamba lililochakaa kando ya mto Wisconsin, na banda la kuku lililokuwapo akaligeuza kibanda cha kulala. Yeye, mkewe na watoto wao watano walipanda misonobari huko. Miche mingi ya mwanzo ilikufa kwa ukame. Wakapanda tena, mwaka baada ya mwaka, hata mchanga ukavaa miti. Mche uliokauka haujali kama aliyeupanda ni profesa.

Walakini mtu huyu alikuwa na jambo zito nyuma yake. Katika ujana wake Arizona, yeye na wenzake walimpiga risasi mbwa-mwitu jike aliyekuwa na watoto, nao walidhani wametenda wema. Tena katika miaka iliyofuata alitumia kalamu na cheo chake kuhimiza kwamba wanyama walao wenzao wamalizwe katika New Mexico, asibaki hata mmoja. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mbwa-mwitu wakitoweka, kulungu wataongezeka, na wawindaji watapata riziki tele. Kulungu waliongezeka kweli. Mahali pengine walikula vichaka na miche hata milima ikabaki mitupu, kisha wao wenyewe wakafa kwa njaa.

Leopold aliyaacha mawazo hayo kidogo kidogo, na alipokuwa profesa alifundisha kinyume chake. Lakini alipoanza kukusanya insha za kitabu kipya, msomaji angaliweza kudhani kwamba mwandishi alikuwa na busara hiyo tangu mwanzo. Aliyeliona pengo hilo alikuwa mwanafunzi wake, Albert Hochbaum, mtafiti wa ndege wa majini huko Delta, Kanada, aliyetazamiwa kukichorea kitabu hicho picha. Alimwandikia mwalimu wake kwamba haki yamtaka aonyeshe kuwa yeye naye alikuwa na mkono katika kuangamia kwa mbwa-mwitu. Barua zilikwenda na kurudi. Mwaka 1944 Leopold aliandika insha ya kukiri: akamsimulia yule mbwa-mwitu, jinsi alivyofika karibu naye akaona nuru ikizimika machoni mwake, na jinsi milima ilivyolipa gharama ya ujinga wa vijana wenye bunduki.

Yamkini mtu atauliza: je, huu si utovu wa adabu? Mwanafunzi ni nani hata amkumbushe mwalimu wake dhambi za ujanani? Shaka hiyo ina haki yake, kwa kuwa wako wasemao kweli ili kujikweza, na kweli ya namna hiyo ni jiwe la kumpigia mtu. Hochbaum alimwambia mwalimu wake angali hai, akamwambia mwenyewe wala hakumtangaza, na alifanya hivyo ili kazi ya mwalimu ikamilike. Kinyozi hajinyoi, mwenye kuwafumbua wengine macho huweza kuwa na doa kisogoni asilolifikia kwa jicho lake. Na mkubwa ni jaa: Leopold alilipokea neno la aliye mdogo wake, akalitia katika kitabu chake. Kama mwanafunzi angalinyamaza kwa heshima, mwalimu angalibaki na sifa safi, na wasomaji wangalikosa kujua kwamba mtu mwema na mwenye elimu huweza kuiharibu nchi huku akidhani anaitengeneza.

Tarehe 21 Aprili 1948 Leopold alikufa kwa ugonjwa wa moyo, akisaidia kuzima moto wa nyasi katika ardhi ya jirani. Juma moja kabla yake alikuwa ameambiwa kwamba kitabu chake kimekubaliwa kuchapishwa. Mwanawe Luna, akisaidiwa na rafiki na wanafunzi wa baba yake, aliimaliza kazi hiyo, nacho kikatoka mwaka 1949. Ile insha ya kukiri haikuondolewa, ingawa mwenyewe hakuwapo kuitetea.

Mwaka 1998 mbwa-mwitu walirudishwa katika misitu ya Arizona, katika nchi ile ile alimoanzia kazi yake. Wamkumbukao mwalimu wa ardhi wana deni mbili: moja kwa mtu aliyewafundisha, na ya pili kwa nchi aliyoipenda. Sifa hulipa ile ya kwanza. Ya pili hailipwi ila na mwanafunzi aliye tayari kusema mahali ambapo mwalimu wake alikosea, na kuliendea kosa hilo kwa jembe na miche mkononi.