Juu ya Kushtuka



Ngurumo ipigapo ghafula, mtu hushtuka kabla hajafikiri neno. Katika sehemu ya kumi ya sekunde moja macho yamekwisha kufumba, na shingo kujikunja. Wenye elimu ya mwili watuambia ya kuwa amri hiyo hutoka katika shina la ubongo, wala haingoji shauri la akili. Kisha tezi zilizo juu ya mafigo hutia adrenalini katika damu, na moyo huenda mbio. Hata mtu akiisha kujua ya kuwa hakuna hatari, mikono yake hutetemeka bado kwa kitambo.

Charles Darwin wa Uingereza aliandika mwaka 1872 ya kwamba aliweka uso wake karibu na kioo kinene, na nyuma ya kioo yupo kifutu. Aliazimu asirudi nyuma. Nyoka alipopiga kioo, azimio lile halikumfaa kitu, aliruka nyuma.

Basi asiwepo mtu wa kumwambia mwenziwe, "Umeshtuka kwa kuwa imani yako ni haba." Hata mtoto mchanga asikiapo kishindo hutupa mikono. Ndivyo Muumba alivyotulinda.

Lakini hofu ya ghafula ni mlinzi, si mshauri. Tarehe 2 Julai 1505, karibu na kijiji cha Stotternheim katika Ujerumani, radi ilipiga karibu na Martin Luther. Kwa hofu akamwita Anna Mtakatifu, akaahidi kuwa mtawa; na siku 15 baadaye akaingia nyumba ya watawa mjini Erfurt. Mwaka 1521 alimwandikia baba yake ya kuwa nadhiri ile alishurutishwa na hofu ya mauti.

Enyi walimu na wazee wa kanisa, angalieni neno hili. Mkimkuta mtu aliyetoka sasa hivi katika ajali, au aliyepigwa na habari ya msiba, msimtake ahadi wala msimwongezee vitisho. Ahadi itolewayo na moyo uendao mbio huweza kumlemea mtu miaka mingi. Mketisheni, mpeni maji, kaeni naye kimya hata mwili utulie. Malaika naye alimlisha Eliya, akamwacha alale, kabla nabii hajafika Horebu kusikia neno la Bwana.