Mfu Mwenye Nafsi

Katika hadithi za kutisha walizotungiwa vijana tangu karne hii ianze, ni chache zilizoenea kama zile za wafu wanaotoka makaburini wakazagaa njiani kutafuta nyama ya walio hai. Na aghalabu mtu mzima, amwonapo kijana amejifungia chumbani na kitabu au sinema ya namna hiyo, humdhania anaupoteza umri wake katika upuuzi. Dhana hiyo naipinga, kwa sababu chini ya damu na makelele ya hadithi hizo limo swali walilolishughulikia wanafalsafa na wanavyuoni kwa zaidi ya miaka elfu, nalo ni hili: ni kwa dalili gani mtu huweza kukata hukumu juu ya mwenziwe kwamba ndani ya mwili ule hamna tena mtu?

Asili ya mfu huyo, aitwaye zombi, ni Haiti, katika mashamba ya miwa waliyolimishwa watumwa wa Wafaransa, ambako hofu kuu ya mtumwa haikuwa kufa, bali kufa kisha mwili wake uendelee kutumikishwa bila ya nafsi yake. Na msomaji wa Tanzania aliyepata kusikia habari za misukule hataiona hofu hiyo kuwa ngeni. Sinema za Marekani, hasa ile ya George Romero ya mwaka 1968, zilimwondolea zombi bwana aliyemtumikisha, zikampa njaa badala yake, zikamfanya sehemu ya halaiki isiyo na majina. Tangu hapo hadithi hizi zimesimama juu ya kanuni moja: aliyefufuka hana nafsi, na kwa kuwa hana nafsi, kumvunja kichwa si kuua.

Mwingereza Dominic Mitchell aliipindua kanuni hiyo katika mchezo wa televisheni uitwao In the Flesh, uliorushwa mwaka 2013 na BBC Three, idhaa iliyokusudiwa vijana. Sehemu zake zilikuwa tatu mwaka ule na sita mwaka 2014. Ulitunukiwa tuzo za BAFTA, kisha ukakatizwa mwanzoni mwa mwaka 2015, kisa chake kingali hakijatimia. Wafu wa mchezo huu walifufuka mwaka 2009, na baada ya vita vikali kati yao na wanavijiji, matabibu waligundua kwamba hali yao ni maradhi yenye dawa: kwa sindano ya kila siku akili huwarudia, na pamoja nayo kumbukumbu ya yale waliyoyatenda akili ilipokuwa haipo. Serikali huwapa vipodozi vya kuficha rangi ya mauti usoni na lenzi za kuficha macho yao, kisha huwarejesha makwao. Miongoni mwao yumo Kieren Walker, kijana mchoraji wa Roarton, kijiji cha kubuniwa katika Lancashire, ambaye hakufa kwa ajali wala kwa homa. Alijiua, kwa majonzi ya Rick Macy, kijana waliyependana, aliyekwenda jeshini baada ya baba yake kuukataa usuhuba wao, akauawa Afghanistan.

Kieren arudipo nyumbani hana amani, kwa maana katika siku za giza lake alimuua msichana wa kijiji kile kile, na sura ya msichana huyo humjia usiku na mchana. Hospitalini amefundishwa kukariri kila siku kwamba hana lawama kwa alilolitenda kabla ya dawa. Maneno hayo ni ya haki: fiqihi ya Kiislamu humwondolea majnuni kalamu ya dhambi mpaka akili imrejee, na sheria ya Uingereza, tangu kesi ya M'Naghten ya mwaka 1843, inakubali kwamba asiyejua alitendalo kwa maradhi ya akili hawi mkosaji. Lakini kuachiliwa na sheria ni jambo moja na kuachiliwa na dhamiri ni jingine, na Mitchell amekuwa na insafu ya kutosha kulionyesha hili bila ya kuharakisha faraja. Mtu aliyepata kuugua akili, akapona, kisha akasimuliwa na jamaa zake maneno aliyowatupia na mikono aliyowanyoshea, huujua uchungu wa kuambiwa kwamba hakuwa yeye aliyetenda, ilhali mikono ni yake na wanaomtazama kwa woga ni ndugu zake. Kumwambia mtu huyo kwamba hana hatia ni mwanzo tu wa kumsaidia. Tena mtunzi hakuyaweka maradhi ya nafsi upande wa wafu peke yao. Jem, dadake Kieren, aliyesifiwa kijijini kuwa shujaa wa wanamgambo waliopigana na wafu, ndiye anayetetemeka na kuota vita usiku, na yeye aliye hai hapewi sindano yoyote, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba shujaa naye huugua.

Hapa yapasa kuingia katika kadhia iliyo ngumu zaidi. Kumpa kijana ampendaye kijana mwenziwe maradhi yanayotaka dawa kila siku ni jambo la hatari, kwa sababu kwa muda mrefu matabibu wenyewe waliyachanganya mawili hayo. Chama cha matabibu wa akili cha Marekani kiliyahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa ugonjwa mpaka mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani mpaka mwaka 1990. Na huko Uingereza mwanahisabati Alan Turing, aliyeitumikia nchi yake kwa akili adimu wakati wa vita, alihukumiwa mwaka 1952 kwa sababu ya mapenzi hayo, akatiwa homoni mwilini ili kuuvunja utashi wake, naye akafa baada ya miaka miwili. Je, mchezo huu hauirudishi hukumu ile ya zamani kwa mlango wa nyuma? Mimi naona hauirudishi. Katika hospitali yote ile hakuna tabibu anayeyatibu mapenzi ya Kieren wala anayeyataja kama dalili. Huzuni yake ndiyo ugonjwa, na chanzo chake kinaonekana waziwazi: mpenzi aliyefarikishwa naye, msiba asiokuwa na ruhusa ya kuuomboleza hadharani, na nyumba ya watu wema ambao hawakuzungumza naye juu ya jambo lililokuwa likimla. Kijana wa umri wake alianza shule ingali ikitumika sheria ya mwaka 1988, iliyozikataza serikali za mitaa kuyapa mapenzi hayo sura njema, na kwayo walimu wengi wakanyamaza kabisa. Sheria hiyo haikuondolewa katika Uingereza mpaka mwaka 2003. Kimya kile, basi, kilikuwa na muhuri wa serikali.

Na msomaji wa mwambao huu asilidhani jambo hili kuwa la Waingereza peke yao. Waingereza waliacha kumwadhibu aliyejaribu kujiua mwaka 1961, na wanaume wapendanao mwaka 1967, lakini makosa hayo mawili walikuwa wameshayaandika katika kanuni za adhabu za makoloni yao, yakabaki baada ya bendera yao kushushwa. Nchini Kenya, lile la kwanza halikubatilishwa na Mahakama Kuu mpaka Januari 2025. La pili lingali katika vitabu vya sheria.

Kitovu cha mchezo, kwa maoni yangu, si Kieren bali ni Bill Macy, babake Rick, kamanda wa wanamgambo wa Roarton. Mtu huyu anamburura mke wa jirani yake nje ya nyumba na kumpiga risasi mbele ya mumewe kwa sababu tu alifufuka. Kisha zinapomfikia habari kwamba Rick naye amefufuka na anarudishwa, anampokea kana kwamba ametoka vitani na majeraha, anamketisha kilabuni, anamnywesha pombe ambayo mwili wa mfu hauwezi kuihimili, na wote wanaomwogopa wanajitia hawaoni. Kwa hiyo, kutoona kwa Bill ni kwa hiari. Lakini siku anapomwamuru mwanawe amuue Kieren, Rick anakiosha kipodozi usoni, anasimama mbele ya baba yake na rangi yake ya kweli, na kumwambia kwamba kama Kieren ni mwovu, basi naye ni mwovu. Baba anamuua. Tena anamuua kwa itikadi: kasisi wa kijiji amehubiri kwamba waliorudi si watu, na kwamba ufufuko wa pili unakuja, naye Bill anashikilia kwamba katika ufufuko huo atarudi Rick aliye halisi, asiyekuwa na doa hili.

Msiba huu umewapata wazazi wengi wasiopata kushika bunduki. Bill hamchukii mwanawe. Anampenda sana mwana aliyemuumba mwenyewe katika fikira zake, na kwa ajili ya huyo anamtoa kafara yule aliyesimama mbele yake. Na kosa lake ni kosa la dini vile vile, si la huruma peke yake. Uislamu na Ukristo zinaafikiana kwamba atakayesimamishwa siku ya kiyama ni yule yule aliyekufa, kwa nafsi ile ile, si mwingine aliye bora kuliko yeye. Imamu Ghazali aliwakemea vikali wanafalsafa waliokanusha hata kufufuliwa kwa miili. Mtu asemaye kwamba huyu aliyerudi siye, na kwamba yuko mwingine wa kweli njiani, anajitwalia ujuzi wa siri za nafsi, ambao dini hizo zote mbili zinauweka kwa Mungu peke yake.

Wanafalsafa nao, kwa njia zao, wamefika karibu na hapo. Ibn Sina alitutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa ghafula hewani, haoni, hasikii, wala viungo vyake havigusani, akasema kwamba mtu huyo, asijue hata kama ana mwili, angali atajua kwamba yupo. Katika zama zetu David Chalmers, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alifikiri kinyume: kiumbe anayefanana nasi kwa kila kitu cha nje, ilhali ndani hamna anayehisi chochote. Kutoka katika mifano yote miwili nachukua jambo moja, kwamba nafsi hujulikana moja kwa moja na mwenyewe tu, na sisi wengine tunaipokea kwa ushahidi wake. Zombi wa Mitchell ni mtu ambaye nje yake yote yasema ni mfu, na ndani yumo anayeshuhudia kwamba yupo. Rick alipouosha uso wake alikuwa anatoa ushahidi, na hukumu ya Bill ilikuwa kuukataa ushahidi wa pekee uliopo duniani juu ya jambo hilo.

Sisemi kwamba istiara hii ya wafu haina upungufu. Wafu wa Roarton waliua kweli, na woga wa wanakijiji una sababu, ilhali wapendao wenzao wa jinsia moja hawakumla mtu. Anayeifuata istiara hatua kwa hatua mpaka mwisho atapotea. Sehemu za mwaka 2014, pamoja na uzuri wa mapenzi mapya ya Kieren na Simon, zimejazwa nabii wa siri, chama cha siasa na njama, na zinapungukiwa na utulivu wa zile tatu za kwanza. Katika vitabu, Courtney Summers alikaribia zaidi maradhi ya huzuni katika This Is Not a Test ya mwaka 2012, ambamo Sloane, msichana aliyekwisha kukusudia kufa, anajikuta amezingirwa shuleni pamoja na wenziwe wanaopigania uhai asioutaka; na Justina Ireland, katika Dread Nation ya mwaka 2018, alimpa shujaa wake Jane moyo wa kupenda wanaume na wanawake bila ya kumtia ugonjwa wowote kwa sababu hiyo, jambo ambalo ni faraja kulisoma.

Lakini kama ni kuchagua kimoja, nachagua sehemu ya tatu ya mwaka 2013, kwa sababu ya Sue, mamake Kieren. Baada ya Rick kuuawa mara ya pili, mama huyu anamfuata mwanawe katika pango lile lile alilojiulia, na kumsimulia kwamba yeye naye katika ujana wake alipata kuazimia kufa. Angaliyasema maneno hayo mapema, huenda lisingalichimbwa kaburi. Ewe msomaji uliye na kijana nyumbani, itazame sehemu hiyo pamoja naye akikukubalia, na itakapokwisha usiinuke kwanza.