Nani Atasimama Kaburini pa Timu?

Mpwa wangu hulipa ili acheze. Kila mwezi hukata kitu katika mshahara wake wa kazi ya ghala, kaskazini mwa Uingereza, apate haki ya kuvaa kofia ngumu na pedi za mabega na kugongana na wanaume wenzake kwenye matope. Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira uliochongoka ncha mbili, na klabu yake ni ya ridhaa. Kocha halipwi. Mistari ya uwanja hupigwa chokaa na wachezaji wenyewe asubuhi ya mechi, na safari ya ugenini kila mtu huchangia mafuta.

Majuzi alinipigia simu akiwa na swali. Klabu inajiandaa kusherehekea miaka arobaini, hata fulana zimechapishwa. Tatizo ni kwamba klabu hiyo ilikufa katikati. Ilizaliwa wakati Waingereza walipoupata mchezo huo kupitia televisheni: Channel 4 ilianza kuurusha mwaka 1982, mwaka uliofuata timu mbili za wenyeji, London Ravens na Northwich Spartans, zikakutana uwanjani, na kufikia Agosti 1986, Chicago Bears walipowashinda Dallas Cowboys 17 kwa 6 pale Wembley, miji mingi ilikuwa na vijana wake wenye kofia ngumu. Kisha hamu ikapoa na klabu nyingi zikatoweka. Ya mpwa wangu ilitoweka ikidaiwa na halmashauri ya mji kodi ya uwanja. Miaka mingi baadaye vijana wengine wakaanzisha klabu mpya, wakaipa jina jingine makusudi, ili deni lile lisiwafuate. Sasa jina la zamani wamelirudisha, na miaka yote, ya uhai na ya kifo, wanaihesabu kuwa yao.

"Mjomba," akaniuliza, "wewe ulikuwa ukifundisha dini. Timu ikifa, ikafufuliwa na watu wengine, ni ile ile?"

Sikumjibu siku hiyo, ingawa swali si geni kwangu. Lilitukuta hapa Sagalla, na lilitugharimu vikao vingi chini ya mwembe wa shule.

Sagalla ni mlima unaousimamia mji wa Voi upande wa kusini. Chini yake, ambako tambarare ya Tsavo inaanza, kuna uwanja wa shule ya msingi uliokuwa wa timu ya mtaa wetu. Magoli yalikuwa ya milingoti ya mkonge, na kila msimu mchwa walikula mmoja. Mechi tulizimaliza mapema, kwa sababu jua likishuka ndovu nao huanza safari zao kuelekea mashambani, na hakuna refa wa kuwaambia wangoje dakika za nyongeza. Mimi nilikuwa mweka hazina. Daftari langu ninalo bado: nani ametoa shilingi ngapi, nani ameahidi, mpira umeshonwa wapi, lori la kwenda Mwatate limelipwa na nani.

Timu yetu ilikufa bila mtu kutangaza. Mshambuliaji alipata kazi Mombasa. Wawili waliingia mashamba ya mkonge, mmoja akaenda Dubai. Ukaja mwaka wa ukame ambapo kuchangisha pesa za mpira kwa watu waliokuwa wakipanga foleni ya maji ilikuwa aibu. Kabla ya hapo kulikuwa na mechi dhidi ya majirani iliyoishia kwa mawe, na baada ya hiyo hatukusalimiana nao vizuri tena. Jumamosi moja hakuna aliyekuja, na iliyofuata pia. Ukurasa wa mwisho wa daftari ulibaki na mstari mmoja usiofutwa: jezi seti moja na mipira miwili, zilizochukuliwa kwa mkopo katika duka moja la Voi, karibu na stesheni ya zamani ya reli. Shilingi elfu kumi na mbili na mia nne.

Vijana walipoifufua, wengi wao waendesha boda boda pamoja na mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, walikuja nyumbani kwangu kuomba vitu viwili. Walitaka kulitumia jina la timu, na walitaka kombe lililokaa kabatini kwangu. Niliwatolea kombe, nikaliweka mezani, na juu yake nikaweka daftari. Nikawaambia hivi viwili havitengani. Mmoja wao, kijana mpole sana, akasema, "Mwalimu, hilo deni mimi sikuwa nimezaliwa."

Neno hilo ni zito, na sikutaka kulijibu kwa ukubwa wangu wa umri. Nililibeba kwa muda mrefu.

Darasani nilifundisha mawazo ya John Mbiti, padri wa Kianglikana mzaliwa wa Kitui, aliyetoa kitabu chake African Religions and Philosophy mwaka 1969. Mbiti aliugawa wakati wa Mwafrika katika Sasa na Zamani. Marehemu, alieleza, hubaki katika Sasa maadamu yupo hai mtu anayemkumbuka kwa jina. Akiondoka wa mwisho aliyemjua, marehemu naye anazama katika Zamani. Kwa kipimo hicho timu yetu haikufa hata siku moja. Nenda stendi ya Voi, utawakuta wazee watakaokusimulia bao la mshambuliaji wetu hadi chai ipoe. Wanalikumbuka jina, wanakumbuka hata rangi ya soksi.

Lakini wazee hao hao, timu ilipokuwa inakufa na mimi nikipita na daftari, hawakutoa kitu. Ndipo ninapoachana na Mbiti, kwa heshima yote niliyo nayo kwake. Kumbukumbu ni tamu na haidai chochote. Mtu anaweza kumkumbuka baba yake kila siku na kaburi lake likamea vichaka.

Wataita wa kale hawakuishia kukumbuka. Mwili ukikaa kaburini muda wa kutosha, fuvu lilifukuliwa na kupelekwa katika pango la ukoo, likapangwa pamoja na ya waliotangulia. Mafuvu hayo yapo mpaka leo katika baadhi ya mapango ya milima yetu. Ukoo ulipopatwa na balaa, watu walipanda pale na sadaka zao, kwa sababu waliamini kuna kitu wanadaiwa. Na walikuwa na kutasa: mzee mwenye kinyongo alitia pombe au maji mdomoni, akayapuliza nje, akatamka kwamba hasira imemtoka, akawaombea walio wake heri. Hasira nayo waliihesabu deni, na iliyofichwa moyoni waliamini inaweza kumuua mtoto wa nduguyo. Wamisionari waliofika Sagalla mwaka 1883 hawakupatana na mambo haya, na mimi ni Mkristo, sipandi pangoni kutambika. Hata hivyo naona kwamba wale wazee walijua jambo moja kwa uhakika. Ukoo ulikuwa hai pale mtu alipokubali kuulizwa kwa niaba yake.

Aliyenisaidia kuliona hili kwa macho meupe ni mama mmoja Mwislamu, binti wa yule mwenye duka. Baba yake alikuwa ameshafariki nilipokwenda kuuliza kama deni bado lipo. Hakufungua kitabu chochote. Alinisimulia habari ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume, la mtu aliyekufa na deni na hakuacha mali ya kulilipa. Mtume akawaambia wenzake wamsalie wao. Abu Qatada akasema deni hilo ni juu yake, na hapo Mtume akamsalia. Kisha yule mama akanikumbusha kinachofanyika katika mazishi yetu sote, Waislamu na Wakristo, Voi hadi Mombasa: mtu wa familia husimama kabla watu hawajatawanyika, akatangaza kwamba kama yupo anayemdai marehemu, aje kwao.

Niliporudi kwa vijana, niliwauliza ni nani atasimama kaburini pa timu kutoa tangazo hilo. Naamini hilo ndilo jibu la swali la mpwa wangu. Timu ile ile ni ile ambayo ndani yake kuna mtu anayesimama na kusema, anayeidai aje kwangu. Wachezaji hubadilika, hata katika timu isiyokufa. Baada ya miaka kumi hakuna mguu uliobaki. Jina nalo linaweza kubadilika. Abaluhya, mabingwa wa Kenya mwaka 1966, waliacha jina hilo serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondoke mpirani, na tangu 1980 ni AFC Leopards. Hakuna shabiki aliyeona kwamba timu yake imezikwa. Na uwanja pia si kitu cha kushikilia. Watu wa Kasigau, majirani zetu, walihamishwa na Waingereza hadi Malindi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wakafia huko mbali na milima yao, na waliorudi walikuwa bado Wakasigau.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na tuliuona jirani kabisa. Mei 2011, pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, safari isiyo ndefu ukishavuka mpaka wa Taveta na Holili, ilichezwa futiboli ya Kimarekani. Chuo cha Drake cha jimbo la Iowa kiliwashinda Wamexico 17 kwa 7. Watu walijaa kuutazama mchezo ambao wengi wao hawakuwahi kuuona. Drake wamekuwa na timu tangu karne ya 19, na walirudi kwao kuendelea. Wamexico walikuwa kikosi teule, vijana waliokusanywa kutoka vyuo mbalimbali kwa ajili ya mechi ile. Walicheza kwa moyo, kisha kila mmoja akarudi chuoni kwake. Sioni aibu yoyote katika hilo. Kikosi cha namna hiyo huvunjika bila kumwachia mtu mzigo, na hakuna atakayekuja kudai urithi wake.

Sasa nirudi kwa kijana mpole. Ni kweli hakuwa amezaliwa. Katika ukoo mtu hazaliwi kwa hiari, ndiyo maana madeni ya ukoo wakati mwingine ni ya kikatili. Timu ya ridhaa ni tofauti: kila mmoja ameingia kwa miguu yake. Abu Qatada hakulazimishwa na mtu. Vijana wetu walikuwa na haki kamili ya kuanzisha timu mpya yenye jina jipya, na ningewanunulia mpira wa kwanza mimi mwenyewe, kwa furaha. Walichokosa ni haki ya kuchukua kombe na kuacha daftari. Huko ni kurithi kama mtoto anayekuja mazishini siku ya kugawa mashamba tu.

Yule mwanafunzi wa chuo alinibana zaidi. Alisema, basi mwanasiasa akija leo akalilipa deni lote, timu itakuwa yake? Swali zuri, na nusura linishinde. Nadhani jibu ni hapana, kwa sababu mwanasiasa angelipa na kuondoka. Mwenye timu ni yule atakayeulizwa kesho pia, deni likiwa la pesa au la jingine. Kwa hiyo nilisema tusitafute mfadhili. Walichanga wenyewe, wengine shilingi hamsini hamsini kwa simu, ilichukua muda, na nahodha akazipeleka. Mama wa duka alizipokea zote, akazihesabu mbele yake, akampa risiti. Nilifurahi kwamba hakusamehe. Angesamehe, wasingejua kama kweli walikuwa wamekubali.

Deni la pili lilikuwa gumu kuliko lile la duka: mawe. Nahodha mpya alikwenda kwa majirani pamoja na mzee wetu mmoja aliyekuwepo siku ile. Mzee huyo ni Mkristo wa miaka mingi. Aliomba maji, akayapuliza nje mbele yao, akasema kilichokuwa moyoni kimetoka. Wakubwa wa upande wa pili walielewa. Vijana wa pande zote mbili ilibidi waelezwe.

Nilipompigia mpwa wangu nilimweleza haya yote. Akasema, "Mjomba, halmashauri ile yenyewe imeshaunganishwa na nyingine, hata rekodi sidhani wanazo. Tumlipe nani?" Nikamwambia nilichofundishwa na yule mama: mwenye kudai asipopatikana, wala warithi wake, Waislamu hulitoa deni sadaka kwa niaba yake. Uwanja uliokuwa ukikodiwa ni wa mji, na watoto wa mji bado wapo. Wakadirie kodi ile, wawanunulie vifaa watoto wasioweza kulipa ada ya klabu, na waiandike katika hesabu zao kwa jina lake halisi, malipo ya deni la klabu ya zamani. Baada ya hapo waikate keki ya miaka arobaini kwa amani.

Mkutano wao mkuu ni mwezi ujao. Aliniomba nimwandikie barua aisome mbele ya wenzake. Nilikataa, nikamwambia asimame aseme mwenyewe, kwa sababu deni hilo si langu.