Kaburi Wazi, Mlango Umefungwa

Somo: Yohana 20:19–21, Matendo 4:23–31



Jumapili iliyopita tulishangilia ufufuo. Kaburi li wazi, haleluya! Lakini ukisoma Yohana 20 utaona jambo la ajabu. Jioni ya siku ile ile, kaburi lilikuwa wazi ila mlango wa wanafunzi ulikuwa umefungwa. Hofu. Walikuwa na habari njema kuliko zote, na wameifungia ndani. Chuoni nilisomea biashara, na hata mwenye kioski anajua hili: bidhaa ikikaa stoo haimsaidii mtu, iwe nzuri namna gani.

Mimi siwacheki wale wanafunzi. Sisi wa Garissa tunaijua milango iliyofungwa. Tarehe 1 Julai 2012, makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa siku ya Jumapili. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi ya kabla ya Pasaka, wauaji waliingia chuo kikuu alfajiri, wakawatenga Wakristo. Watu 148 waliuawa siku hiyo, wengi wao wanafunzi. Wengine walikutwa kwenye maombi ya asubuhi.

Kwa hiyo ukipapaswa langoni siku ya ibada, usione ni upungufu wa imani. Yesu hakuwakemea wanafunzi kwa kufunga mlango. Alisimama katikati yao, akawapa amani, akawaonyesha alama za misumari, kisha akawatuma. Mlango wa mbao haukumsumbua. Alikuja kufungua ule wa ndani.

Sasa niwaambie langu. Mwaka 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Siku moja nilikuwa kwenye basi kutoka Nairobi, nimeketi na mzee mmoja Msomali. Akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, unafanya kazi gani?" Nikamjibu, "Niko kwa mambo ya biashara, mzee." Si uongo, digrii ninayo! Lakini Biblia ilikuwa kwenye mkoba, nami nikausukuma chini ya kiti kwa mguu.

Jua lilipozama, basi likasimama. Yule mzee akagawa tende zake, za kwanza akanipa mimi. Kisha akatandika kitambaa kando ya barabara, mbele ya kila mtu, akaswali. Hakuangalia nani anamtazama. Aliporudi akaniuliza, "Na wewe huombi?" Wapendwa, nilisikia jogoo wa Petro akiwika. Nikamwambia, "Mzee wangu, nisamehe. Mimi ni mchungaji. Namwomba Mungu kwa jina la Yesu." Akanitazama, akasema, "Sasa ulikuwa unajificha nini?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyenitisha. Nilijitisha mwenyewe. Nilimhesabu jirani yangu kuwa adui kabla hajafungua kinywa. Tukaongea mpaka Garissa. Akauliza kuhusu Yesu, nikajibu. Nikamuuliza kuhusu watoto wake, akanieleza. Tukaagana kwa amani.

Tena tusisahau: ujasiri tumeuona hata kwa majirani zetu. Tarehe 21 Desemba 2015 basi la kwenda Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Mtu asimame hapa aniambie kwamba kumshuhudia Yesu ni kuwachukia watu kama hawa! Haiwezekani.

Basi ushuhuda wa ujasiri ni nini katika mji wetu? Kwanza, usijifiche. Ukiulizwa wewe ni nani, sema. Petro anatufundisha kuwa tayari kujibu, na kujibu kwa upole. Kutukana imani ya mwingine si upako, ni kukosa adabu.

Pili, maisha yako yahubiri. Wewe unayeuza Soko Mugdi, mizani yako iko sawa? Wewe nesi, mama mwenye buibui unampokea kama dada yako wa kanisani? Fundi, ulichukua malipo ya kwanza ukazima simu? Hapo jina la Yesu linachafuka, na hakuna mkutano wa injili utakaolisafisha wiki hiyo.

Tatu, omba kama kanisa la Matendo 4. Walikuwa wametishwa kweli, si mchezo. Lakini hawakuomba wapinzani wao wafe, wala hawakuomba wahamishwe mji. Waliomba ujasiri wa kulinena neno. Na mahali pale pakatikisika.

Najua wapo wanaosoma hapa ambao barua ya uhamisho wameiandika tayari. Sikuhukumu, mpendwa. Lakini kabla hujaipeleka, muulize Bwana: hofu ndiyo inayonitoa, au wewe ndiwe unayenituma?

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Chagua jirani mmoja. Msalimie, mjulie hali, na akikuuliza tumaini lako linatoka wapi, usisukume mkoba chini ya kiti.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyeingia penye mlango uliofungwa, ingia na kwetu. Wafariji waliopoteza watoto wao. Tuondolee chuki, tuondolee woga, utupe kinywa na moyo. Amina.