Amana ya Mwenye Funguo

Katika Injili ya Mathayo kuna mtumwa aliyeachiwa talanta moja na bwana wake. Akachimba shimo, akaifukia. Bwana aliporudi safari, mtumwa aliifukua na kumkabidhi ikiwa vilevile. Badala ya shukrani alikemewa, akatupwa nje. Wengi wanaoisoma habari hiyo humwonea huruma, maana hakuiba kitu.

Mwalimu wa maktaba katika shule nyingi za Afrika Mashariki angemwelewa mtumwa yule vizuri sana. Amekabidhiwa leja na funguo za chumba, mara nyingine za kabati moja tu katika ofisi ya walimu. Anajua kwamba siku ya ukaguzi ataulizwa vitabu viko wapi. Ni nadra kuulizwa nani kavisoma. Kikipotea kimoja, maelezo atayatoa yeye. Basi anafunga. Vitabu vya kiada hutoka kwa zamu, vya ziada vinabaki na harufu ya kiwandani, na mwisho wa mwaka hesabu inatimia.

Je, ametunza amana?

Kwa mazoea, amana hurudishwa kama ilivyopokewa. Waislamu wanalijua agizo la Sura ya An-Nisaa kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe, na uzito wote uko katika neno hilo la mwisho. Mwenye kitabu cha shule ni nani? Akiwa ni serikali iliyokinunua, au mfadhili aliyeleta makasha, leja iliyotimia inatosha kuwa ushahidi wa uaminifu. Lakini kitabu hicho kilinunuliwa kwa ajili ya mtoto wa darasa la tano au wa kidato cha pili. Mwenyewe ni huyo. Kumwazimisha, basi, ni kumrudishia kilicho chake, na kitabu kilichokaa kabatini miaka mitano bila alama ya kidole ni amana iliyozuiliwa. Wapo waliolielewa hili kwa vitendo. Mwaka 1996 maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Anayepakia vitabu juu ya ngamia anajua vingine vitachanika na vingine havitarudi, na bado anapakia.

S. R. Ranganathan alilifikia jambo hilohilo kwa njia nyingine. Alikuwa mwalimu wa hisabati mjini Madras, India, alipoteuliwa mwaka 1924 kuwa mkutubi wa chuo kikuu. Haukupita muda, ukimya wa kazi ile ukamshinda, akataka kurudi darasani. Akapelekwa London kusomea ukutubi, na huko moyo wake ukageuka. Mwaka 1931 alichapisha kanuni zake tano, na ya kwanza inahusu jambo moja tu: kitabu kipo ili kitumike. Mtu anaweza kushangaa kwa nini jambo la wazi hivyo liliandikiwa kanuni. Lakini halikuwa wazi daima: Ulaya ya zamani ilifunga vitabu kwa minyororo. Katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, minyororo hiyo bado inaning'inia kwenye rafu hadi leo.

Kufungua mlango ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Mmarekani Carol Kuhlthau, aliyekuwa mkutubi wa shule kabla ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Rutgers, aliwafuatilia wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakiandaa insha za utafiti mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliona kwamba mwanafunzi huanza na wasiwasi, hupata matumaini akishachagua mada, halafu akianza kusoma anachanganyikiwa upya. Kitabu hiki kinasema hivi, kile kinakipinga, na yeye hajui amwamini nani. Hapo ndipo anapohitaji mtu zaidi ya wakati mwingine wowote. Ndipo pia anapokata tamaa na kuanza kunakili kurasa nzima.

Plato, katika Phaedrus, anamwonyesha Sokrate akiyalaumu maandishi kwa kuwa ukiyauliza hayajibu, yanarudia yaleyale. Lawama hiyo haijapata dawa kwa zaidi ya miaka 2,000. Dawa iliyo karibu nayo ni mtu aliyeketi kando ya rafu, anayemuuliza mwanafunzi: unatafuta nini hasa? Huyu aliandika lini? Yule anampinga kwa hoja gani?

Kiswahili kimeliweka neno kiongozi jirani na kuongoa, kumtia mtu katika njia iliyo sawa, na kwa maana hiyo mkutubi ni kiongozi hata asipokuwa na cheo. Katika mpangilio wa shule yuko chini ya mkuu na chini ya mwalimu wa taaluma. Lakini mwalimu wa Fizikia anamjua mwanafunzi katika Fizikia, wa Historia katika Historia. Mkutubi humwona akihangaika na yote mawili, na anawaona wa madarasa yote. Utafiti wa Keith Curry Lance na wenzake katika jimbo la Colorado, uliochapishwa mwaka 1993, ulikuta kwamba shule zenye maktaba zilizo na watumishi na vitabu zaidi zilikuwa na alama za juu za kusoma, hata umaskini wa jamii ulipozingatiwa. Takwimu kama hizo peke yake hazithibitishi nini kimesababisha nini. Zinatosha, hata hivyo, kumnyima amani anayeamini kwamba kazi ya maktaba anaweza kupewa mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache.

Wakuu wa shule, muhula ujao mwiteni mkutubi kwenye kikao cha kuandaa maazimio ya kazi, asikie kila somo litafundisha nini na wiki gani. Mpeni kipindi cha maktaba kwenye ratiba, kisichochukuliwa na somo jingine mitihani inapokaribia. Na siku ya kuhesabu vitabu, mwambieni aanze na vile vilivyochakaa.