Bei Ambayo Bibi Hakuijua



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Rombo, nikapewa kazi ambayo seminarini hatufundishwi: kukadiria thamani ya bunduki. Msishtuke. Ni bunduki ya upepo ya marehemu babu, ile aliyokuwa anafukuzia ndege kwenye ulezi. Unavuta mkono wa chuma ulio chini ya mtutu, springi inajikaza, unatumbukiza kirisasi, na ukifyatua, hewa ndiyo inakisukuma. Tangu babu afariki imetundikwa sebuleni karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na bibi anaipangusa kwa kitambaa cha mafuta kila Jumamosi.

Sasa jiko la bibi linavuja. Akasema atauza bunduki apate bati. Kaka yangu mkubwa akadakia: "Bibi, mimi nakupa elfu hamsini, na habari ya kibali nitaishughulikia mwenyewe polisi." Bibi akafurahi, akanigeukia: "Frateri, wewe umesoma. Hiyo ni bei nzuri?"

Nikamwomba anipe siku moja. Usiku nikaikagua kwa tochi ya simu. Ina chapa ya bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, alama ya kampuni ya BSA ya Birmingham, Uingereza. Ni Airsporter, aina iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Nikasoma jinsi wakusanyaji wanavyozipima. Wanaangalia kama rangi ya chuma ni ileile ya kiwandani, kama maandishi na namba bado vinasomeka, kama vipande ni vya asili, kama kitako cha mbao hakijapigwa msasa na vanishi. Yaani ukiipaka rangi ing'ae kama mpya, umeishusha bei. Ya babu haikuwa imeguswa. Kwa hesabu yangu, mtu anayezitafuta angetoa hata laki tatu na nusu.

Asubuhi nikamfuata kaka. Kumbe anajua. Wala hakukataa. "Bei ni makubaliano, bwana. Yeye anataka kuuza, mimi nataka kununua, nani kalazimishwa?" Halafu akanichokoza: "Hata kwenye Injili, yule jamaa aliyekuta hazina shambani si aliificha kwanza, ndipo akaenda kununua shamba?"

Nakiri nilikaa kimya. Kaka ndiye anayenitumia nauli kila likizo. Na moyoni nilijiambia: mimi siuzi, mimi sinunui, yananihusu nini?

Tuanze na hiyo Injili. Mfano wa hazina, Mathayo 13, unatufundisha furaha ya Ufalme wa Mungu na utayari wa kuacha vyote kwa ajili yake. Hautoi somo la biashara ya mashamba, kama vile mfano wa wakili dhalimu usivyotufundisha kuiba ofisini. Halafu yule mtu aliuza kila alichokuwa nacho. Kaka alikuwa anatoa elfu hamsini.

Hoja ya makubaliano ni nzito zaidi, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaijadili haki katika kuuza na kununua kwenye Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 77. Kwake, kuuza kitu zaidi ya thamani yake au kukinunua chini ya thamani yake ni jambo lisilo la haki. Lakini si mtu mkali bila sababu. Anakubali kwamba muuzaji akiumia kwa kuachana na kitu chake, anaweza kuhesabu hasara hiyo katika bei. Anakubali pia kwamba mfanyabiashara aliyeleta nafaka halazimiki kwa haki kuwatangazia watu kwamba kesho wengine wataleta nyingi, ingawa akisema anaonyesha wema mkubwa zaidi. Kwa hiyo si kila ninachokijua nina deni la kukisema.

Ila hapa mambo yalikuwa tofauti. Nafaka ya kesho haijafika. Bunduki ilikuwa palepale ukutani, na thamani yake ilikuwa ya leo. Tena bibi alikuwa ameuliza. Makubaliano yanahitaji watu wawili wanaoona. Mmoja akiona na mwingine akiwa gizani, anayeona ndiye anayeamua peke yake.

Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha 13 cha kazi yake juu ya Utatu, anasimulia habari ya mtu aliyeletewa kitabu auziwe. Akagundua muuzaji hajui thamani yake, maana alitaka hela kidogo sana. Akamlipa bei ya haki, kubwa kuliko muuzaji alivyotarajia. Hakuna aliyemlazimisha, na kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

Basi nikaenda jikoni, nikamwambia bibi kila kitu, kaka akiwepo. Bibi akaendelea kuchochea moto. Akauliza tu, "Laki tatu na nusu?" Nikamwambia ndiyo. "Haya. Sasa nimejua."

Siku mbili hakusema neno. Siku ya tatu, baada ya Rozari, akatuita wote, akamkabidhi kaka bunduki. Kwa elfu hamsini. "Huyu ndiye aliyekuwa anaamka na babu yenu alfajiri kwenda kwenye ulezi. Hizo nyingine nimempa mimi. Asije mtu akasema bibi hakujua."

Pale nikaelewa kitu ambacho miaka mitatu ya falsafa haikunipa waziwazi hivyo. Elfu hamsini ni ileile. Jumatatu ingekuwa wizi, Alhamisi ilikuwa zawadi. Kilichobadilika katikati ni ukweli. Anayejua bei akaipunguza ametoa. Asiyejua akapunguziwa amenyang'anywa, hata kama ameondoka anatabasamu. Kumbe ukimya wangu ungemnyima bibi hela, na ungemnyima pia nafasi ya kuwa mkarimu.

Kaka jioni ile hakutania tena. Mwezi uliofuata nikasikia ameezeka jiko lote kwa bati mpya. Na nauli bado anatuma.

Kijana mwenzangu, leo usiku unapochunguza dhamiri, jiulize: kuna mtu ameniuzia simu, shamba au jasho lake kwa sababu tu hakujua ninachokijua? Na kama mimi ni mtazamaji tu, ukimya wangu unamlinda nani? Kama bado kuna nafasi ya kusema, sema kesho.

Ee Bwana, wewe uliye Ukweli, utupe ujasiri wa kusema hata pale ukimya unapotulipa. Amina.

Tuombeane.